Kuficha Waya wa Spika Katika Mji wa Shaba

Mtu anayetaka kupitisha waya wa spika ndani ya ukuta mjini Kolwezi hukimbilia kuuliza habari za waya: unene gani, bei gani, umetoka Uchina au Afrika Kusini. Mimi ningeanza na ukuta. Waya uliozikwa kwenye plasta hauhamishiki. Anayeuzika anaamini kwamba ukuta huo utakuwepo miaka mingi, na kwamba yeye ndiye atakayeendelea kuwa na kauli juu yake. Hapa katika mkoa wa Lualaba imani hiyo inafaa ipimwe kabla patasi haijagusa tofali.

Mji ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, juu ya madini yenyewe. Kambi za wafanyakazi, ambazo baadaye zilikuja mikononi mwa Gécamines, zilipangwa karibu na machimbo ili mtu aende kazini kwa miguu, na machimbo hayajaacha kutanuka. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Wakazi wakachimba mashimo uani, wengine hadi ndani ya vyumba vyao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa ili eneo lizungushiwe ukuta na likabidhiwe kampuni. Katika mtaa wa Cité Gécamines, ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 inaeleza familia zilizoondolewa kupisha mgodi wa COMMUS. Hata palipo salama, milipuko ya migodini hutikisa ardhi na kuta hupata nyufa. Ongeza wapangaji: fundi wa mgodini mwenye mkataba wa miaka 2 anapanga nyumba, anaipamba, kisha anahamishiwa Fungurume.

Kwa hiyo njia ni tatu, na mbili tu ndizo ninazoziona zinafaa. Ya kwanza ni kuacha waya juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki wenye kifuniko, ule ambao mafundi wetu, kwa Kifaransa, huuita guloti. Hauna urembo mkubwa, ila ukihama unaondoka na waya wako, na ukuta unabaki na matundu machache ya skrubu. Kwa mpangaji, na kwa yeyote anayeishi ukingoni mwa mgodi, ningeishia hapo. Ya pili ni kuzika bomba la plastiki ukutani na kupitisha waya ndani yake, uweze kuvutwa nje na kubadilishwa siku yoyote. Ya tatu, inayofanywa zaidi kwa sababu ni ya haraka, ni kulaza waya mtupu kwenye mfereji na kuupiga plasta. Hii ya tatu naikataa kabisa. Ufa ukipita hapo waya unavutwa, na ukikatika hakuna wa kujua umekatikia wapi. Panya akiingia kwa juu, au msumari wa picha ukiutoboa, dawa ni kuvunja ukuta. Bomba linauachia waya nafasi ya kucheza.

Maelekezo mengi yanayosomwa na vijana wetu yameandikwa kwa nyumba za Marekani, ambako ukuta wa ndani ni fremu ya mbao iliyofunikwa bodi za jasi pande zote mbili, na katikati mna uwazi. Fundi wa huko anatoboa tundu juu, anatoboa jingine chini, anaangusha waya, kazi imekwisha. Kolwezi ukuta ni tofali la kuchoma au bloku la saruji, umejaa, na kila sentimita ya njia ni lazima ichongwe. Hapo ndipo nyumba inapoweza kudhoofishwa. Kanuni ya ujenzi ya Uingereza ni rahisi kukumbuka: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa bloku la sentimita 10 unaruhusu basi kina cha kama sentimita 3 kwenda juu, lakini sentimita 1.6 tu kwenda pembeni, kina kisichotosha bomba la milimita 20. Maana yake panda wima hadi darini, tembea juu ya dari, shuka wima upande wa pili. Kukata ukuta mlalo kutoka kona hadi kona, eti kufupisha njia, ni kuuchorea ukuta mahali pa kuvunjikia. Na pale ambapo ukuta ni wa tofali mbichi za udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za pembezoni mwa Manika, nisingechonga hata kidogo. Mchwa wanautosha.

Grainda ya kukatia saruji hufunika chumba kwa vumbi la silika, ambalo wachimbaji wa mkoa huu wanajua linavyoyafanya mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Lowesha maji unapokata. Na paa au dari ya karatasi ngumu za kijivu, katika jengo la enzi ya ukoloni au miaka iliyofuata, ichukuliwe kuwa na asbesto hadi ithibitike vinginevyo. Isitobolewe kwa kuwa tu spika ya darini inapendeza.

Tuje sasa kwenye waya, maana hapa ndipo Kolwezi inapochekesha. Kongo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile, na sehemu kubwa ya shaba hiyo inatoka katika ukanda huu wa Kamoto, Mutanda, Kamoa na Tenke. Inatoka kama bamba zenye usafi wa asilimia 99.99, au kama makinikia, inapakiwa malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa au mabehewa ya kwenda bandari ya Lobito. Inarudi dukani ikiwa roli la waya wa spika lenye ngozi nyekundu na nyeusi, na mara nyingi inayorudi si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba nje. Kisheria si lazima iwe udanganyifu, kwani waya wa namna hiyo ni bidhaa halali yenye matumizi yake. Udanganyifu unaanza pale muuzaji anaposema, "Papa, hii ni shaba tupu," akichubua ngozi kuonyesha wekundu ulio juu.

Nchi hii haikukosa ujuzi wa kuvuta waya. Karne ya 19, katika dola ya mfalme Msiri, ambayo makao yake Bunkeya yako ndani ya mkoa huu wa Lualaba, wafuaji wa Bayeke walivuta shaba ikawa uzi mwembamba wa kuzungushia bangili. Lubumbashi iliwahi kuwa na kiwanda cha kuvuta nyaya, LATRECA. Ng'ambo ya mpaka, Luanshya nchini Zambia, kiwanda cha ZAMEFA kilianzishwa mwaka 1968 na kikawa kinageuza shaba ya huko kuwa nyaya. Anayejenga Kolwezi na anayeweza kuagiza waya kutoka Zambia ana sababu nzuri ya kufanya hivyo: waya wa umeme wa kiwanda kinachojulikana una unene ulioandikwa na unaolingana na ulichouziwa. Spika haidai waya wenye jina la spika. Waya laini wa umeme wenye nyuzi nyingi, wa milimita mraba 2.5, unafanya kazi ile ile.

Utajuaje ulichouziwa? Sumaku haisaidii, kwa kuwa shaba haishikwi nayo, wala alumini. Inafichua tu chuma kilichopakwa shaba. Kukwangua uzi mmoja kwa kisu kunasaidia: weupe ukitokea chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Lakini kipimo ninachokiamini ni mizani. Roli la mita 100 lenye nyaya mbili za milimita mraba 2.5 kila mmoja lina shaba ya kilo 4.5 hivi, bila kuhesabu plastiki. La alumini iliyopakwa shaba lina metali ya kilo 1.6 hadi 1.9. Mizani inakamata pia udanganyifu wa pili, unaosemwa kidogo: shaba halisi iliyoandikwa 2.5 kumbe ni 1.5. Mwenye multimita afanye hivi: aunganishe ncha mbili za upande mmoja wa roli, apime upande wa pili. Mita 100 za shaba ya 2.5 zitasoma kama omu 1.4, baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za kipimo chenyewe. Za alumini zitakaribia 2.2.

Je, tofauti hiyo inasikika? Hapa wauza nyaya na wapenda muziki wametuvuruga kwa pande zote mbili. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Kwa kiwango hicho sauti inapungua chini ya nusu desibeli, jambo ambalo sikio halilishiki. Sebuleni, spika ya omu 8 iliyo mita 12 kutoka kwenye amplifaya ikitumia shaba ya milimita mraba 1.5, waya unakula omu 0.28. Iko ndani ya kanuni, imebakiza nafasi. Spika ikiwa ya omu 4, panda hadi 2.5. Kwa mita 4 za kufikia spika iliyo karibu, hata alumini iliyopakwa shaba haina kosa. Na ule waya wa bei ya kiwanja, unaotangazwa kuwa shaba isiyo na oksijeni? Unapitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida ya nyaya kwa kama asilimia 1. Anayeulipia ananunua hadithi, na hadithi yenyewe huenda ilianzia kwenye bamba lililotoka kiwanda cha Luilu, hapa hapa Kolwezi.

Alumini si laana. Umeme wenyewe unafika Kolwezi kwa alumini: laini kuu kutoka Inga, ya kama kilomita 1,700, iliyowashwa mwaka 1982 kwa volti laki 5 za mkondo mnyoofu, imetundikwa angani kwa nyaya za metali hiyo kwa sababu ni nyepesi. Kinachoiangusha ukutani ni maungio. Alumini hujifunika oksidi isiyopitisha umeme, hulegea taratibu chini ya skrubu, na ikikutana na shaba penye unyevu huliwa. Waya wa spika uliopakwa shaba una nyuzi nyembamba kama nywele. Ngozi ya shaba ikichubuka wakati wa kuumenya, ugonjwa unaanzia hapo. Miaka 2 au 3 baadaye spika inakoroma, mwenye nyumba anailaumu spika. Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya sauti, ningesema waya wowote unaoingia ukutani uwe shaba, na usiwe na kiungo popote kati ya amplifaya na boksi la spika.

Lakini sebule si mahali ambapo swali hili lina uzito. Nyumba nyingi za Kolwezi zina spika moja ya kuchaji, yenye redio na tochi, inayobebwa kutoka chumba hadi chumba, na haihitaji ukuta wa mtu. Wanaohitaji waya kweli ni makanisa, baa, kumbi za harusi na shule. Na kanisani hesabu inageuka kabisa.

Chukua ukumbi mrefu ambao waya wa milimita mraba 0.75, ule mwembamba wa taa ya mezani, umevutwa mita 40 hadi nyuma, na mwishoni pamefungwa bafle 4, yaani spika za boksi, za omu 8 kwa sambamba. Kwa pamoja zinakuwa omu 2. Waya, kwenda na kurudi, una omu 1.84. Ili wati 100 zifike kwenye bafle, mkondo wa ampea 7 unapita, na waya unakula wati 92. Karibu nusu ya nguvu ya amplifaya inapasha joto ukuta wa nyumba ya Mungu. Fundi wa sauti anaona nyuma hawasikii, anaongeza. Amplifaya inafika ukomo, sauti inakatakata, twita zinaungua. Mchango unaitishwa ili kununua amplifaya kubwa zaidi. Na waya huo ungekuwa alumini, ungekula kuliko bafle zenyewe.

Dawa imejulikana kwa miongo mingi na inatumika katika vituo vya reli na viwanja vya ndege: laini ya volti 100. Amplifaya inapandisha volti, kila spika inakuwa na transfoma ndogo ya kuishusha, na fundi anachagua wati za kila spika kwa kuhamisha waya kwenye transfoma hiyo. Wati 100 kwa volti 100 ni ampea 1 tu. Waya ule ule wa 0.75, mita zile zile 40, sasa unapoteza chini ya wati 2. Kwa mahubiri, matangazo na kwaya ya kiasi, spika ndogo nyingi zilizosambazwa kwenye kuta za pembeni zinaeleweka vizuri kuliko bafle 2 kubwa zinazopiga kelele mbele. Pale kwaya inapotaka besi za kutikisa kifua, laini ya volti 100 inachoka, kwa kuwa transfoma ndogo hazipendi besi. Hapo bafle zenye amplifaya ndani zinafaa zaidi, na kinachopita ukutani hakiwi tena waya wa spika. Kinakuwa umeme wa kawaida katika bomba lake, na waya wa mawimbi madogo wenye ngao katika bomba jingine.

Volti 100 zinaua. Mafundi waliozoea kushika waya wa spika kwa mikono mitupu wasiuzoee huu, na maungio yake yafungwe ndani ya boksi kama ya soketi.

Watu huonywa kwamba waya wa spika ukipita karibu na waya wa umeme utaleta mvumo. Onyo limetiwa chumvi. Waya wa spika hubeba mawimbi makubwa na hausumbuki kirahisi. Unaovuma ni waya wa maikrofoni na ule wa kuingiza sauti kwenye amplifaya. Sababu ya kuvitenganisha ni nyingine, na ni nzito zaidi. Ndani ya bomba moja, ngozi ya waya wa umeme ikiyeyuka, volti 220 zinaingia kwenye waya wa spika, na kutoka hapo hadi kwenye mkono wa mtoto anayegusa skrubu za nyuma ya bafle. Yeyote anayeishi na umeme wa shirika la taifa, SNEL, unaokatika na kurudi kwa kishindo, anajua kwamba nyaya za umeme katika nyumba za zamani zimeteseka. Bomba mbili basi, zilizoachana sentimita 30 zinapokwenda sambamba, na zinazokatana kwa pembe mraba pasipo na budi. Na usivute waya angani kutoka kanisa hadi jengo la shule. Kwa radi za mkoa huu kuanzia Oktoba, waya huo ni mwaliko. Uzike ardhini ndani ya bomba.

Darini ndiko kazi inakoonekana nyepesi na ndiko makosa yanakojificha. Dari zetu nyingi ni plaiwudi nyembamba au vipande vya plastiki vilivyopigiliwa kwenye mbao, juu yake hewa ya moto na mabati. Dari ya namna hiyo haiwezi kubeba spika ya kilo 3; ifungwe kwenye kenchi kwa mnyororo wake wenyewe, dari ibaki pambo. Nyaya zisilazwe kugusa bati, ambalo mchana wa Septemba huwaka. Ziwe ndani ya bomba, kwa sababu ya joto, na zaidi kwa sababu ya panya. Kuna pia suala la moto. Marekani hairuhusu waya wowote tu ndani ya ukuta: unatakiwa uwe na alama ya CL2 au CL3, kuonyesha kwamba ngozi yake haisambazi moto ovyo, na Ulaya ina madaraja yake. Masharti hayo yalitungwa kwa kuta zenye uwazi, ambamo moto hupanda kama kwenye bomba la moshi. Tofali lililojaa limetuokoa kwa upande wa ukuta. Uwazi wetu uko juu ya dari, mara nyingi ni mmoja kwa vyumba vyote, na ngozi ya plastiki ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Kwa kanisa la watu 500 lenye milango 2, ningetumia waya wenye alama hiyo, au angalau bomba zisizoshika moto kirahisi, na ningeziba kwa saruji kila tundu linapopita bomba.

Mvua ikipiga mabati, hakuna waya utakaomwokoa mhubiri. Hapo dari ndiyo tiba, na fedha iende huko kwanza.

Utaratibu wa kazi hauna siri, ila una wakati wake, nao ni kabla ya plasta. Mabomba yawekwe kuta zikiwa uchi, ya milimita 20 kwa waya mmoja, ya 25 kwa wawili, bila kona kali, na pasizidi kona mbili kati ya boksi na boksi. Ndani ya kila bomba paachwe kamba ya nailoni, hata lile lisilotumika leo, kwa sababu bomba tupu ni bei ya soda na ukuta wa kuvunja si bei hiyo. Kila waya uandikwe jina ncha zote mbili. Picha zipigwe za kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba; mpangaji ataondoka na simu yake.

Kisha betri ya volti 1.5. Iguse kwenye ncha za waya upande wa amplifaya, chanya kwenye nyekundu, mwenzako akitazama spika. Koni ikiruka nje, nyaya ziko sawa. Ikizama ndani, zimegeuzwa mahali fulani. Spika moja iliyogeuzwa kati ya mbili haitoi kelele wala moshi. Inachofanya ni kufuta besi za mwenzake katikati ya chumba, na watu watasema bafle ni mbovu. Kwa laini ya volti 100 betri haifai, transfoma itaizuia. Huko fuata alama za vituo moja kwa moja, na uzikague kabla ya kufunga boksi. Ni dakika 2 kwa kila spika, na zifanyike saruji ya plasta ikiwa bado iko mfukoni.